Uundaji wa Fremu za Ethaneti ndani ya Chipu Inayopangika: Mfano wa Taarifa za Joto katika Jengo la Soko, Kariakoo

IKISIRI

Makala haya yanaeleza namna data inavyopangwa kuwa fremu ya Ethaneti ndani ya chipu inayopangika, tangu thamani inapotoka kwenye kihisi hadi biti ya mwisho inapoingia kwenye waya. Maelezo yanajengwa juu ya mfano mmoja wa kubuni: mfumo wa vihisi joto katika jengo la soko lenye ghorofa kadhaa, Kariakoo, Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba ugumu wa kazi hii hautokani na kasi wala wingi wa data, bali unatokana na tabia ya Ethaneti ya kuitupa fremu yenye kasoro bila kumjulisha aliyeituma. Kwa sababu hiyo, usahihi hauna budi kujengwa kwenye chanzo. Makala yanajadili muundo wa fremu, mpangilio wa baiti na biti, foleni na saa, violesura kati ya chipu na waya, hesabu ya ukaguzi, ujazaji, upimaji, na mipaka ya kile ambacho fremu iliyo sahihi inaweza kukihakikisha.

1.0 Utangulizi

Ethaneti ilibuniwa mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko California na Robert Metcalfe akishirikiana na David Boggs. Mwaka 1980 kampuni za Digital, Intel na Xerox zilitoa kanuni zake za pamoja, na mwaka 1983 taasisi ya IEEE ikaidhinisha kiwango kinachojulikana hadi leo kwa namba 802.3. Kasi imeongezeka mara nyingi tangu wakati huo, na waya zimebadilika, lakini umbo la fremu limebaki karibu lilelile. Mhandisi anayelielewa umbo hilo leo anaelewa kitu ambacho hakitapitwa na wakati kesho.

Chipu inayopangika, ambayo wahandisi huiita kwa kifupi FPGA, ni saketi ambayo mantiki yake haikukamilishwa kiwandani. Mnunuzi ndiye anayeipanga kwa kuandika maelezo ya saketi katika lugha kama VHDL au Verilog. Chipu ya kwanza ya aina hii kuuzwa sokoni ilikuwa XC2064 ya kampuni ya Xilinx, mwaka 1985, nayo ilikuwa na vizuizi vya mantiki 64 tu. Tofauti kati ya chipu hii na kompyuta ya kawaida ni ya msingi. Kompyuta hutekeleza amri moja baada ya nyingine. Chipu inayopangika hufanya kazi zake nyingi kwa wakati mmoja, kila sehemu ikifuata mapigo ya saa. Kwenye kompyuta, mfumo endeshi na kadi ya mtandao humfichia mwandishi wa programu karibu kila jambo lihusulo fremu. Kwenye chipu inayopangika hakuna anayemfichia mbunifu chochote: asipoiweka biti mahali pake, hakuna mwingine atakayeiweka.

Katika makala haya, namba zinazoanza na 0x zimeandikwa kwa msingi wa 16.

2.0 Muktadha na Mfano Unaotumika

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Jengo kuu la soko, lililosanifiwa na msanifu majengo Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Usiku wa Julai 10, 2021 moto ulizuka katika soko hilo na kuteketeza mali za wafanyabiashara wengi. Kandokando ya soko, mitaa kama Msimbazi, Uhuru na Aggrey imejaa majengo marefu yenye maduka yaliyobanana na maghala ya bidhaa. Hatua chache kutoka hapo, kwenye makutano ya Barabara ya Morogoro na Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ipo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ambayo hufundisha uhandisi wa elektroniki na mawasiliano. Swali la namna taarifa ya joto inavyoweza kutoka ghalani usiku, wakati milango imefungwa, na kumfikia mlinzi kwa hakika, si swali la kinadharia katika eneo hili.

Mfano unaotumika hapa si maelezo ya mfumo uliopo. Tuchukulie jengo lenye vihisi joto 200. Kila kundi la vihisi limeunganishwa na chipu moja inayopangika, na kila chipu imeunganishwa kwa kebo ya Ethaneti ya megabiti 100 kwa sekunde na swichi, kisha kompyuta iliyo katika chumba cha walinzi. Kila kihisi kinatoa ujumbe mmoja kwa sekunde. Ujumbe una baiti 12: namba ya kihisi (baiti 2), namba ya mfuatano (baiti 4), joto katika sehemu za mia za nyuzi za selsiasi (baiti 2), na muda (baiti 4). Ujumbe huo husafiri ndani ya pakiti ya UDP, ambayo nayo imo ndani ya pakiti ya IPv4, ambayo nayo imo ndani ya fremu ya Ethaneti.

3.0 Muundo wa Fremu

Fremu huanza na baiti 7 za utangulizi, kila moja ikiwa 0x55. Kazi yake ni kumpa mpokeaji muda wa kuoanisha saa yake na mapigo yanayokuja. Baada ya hizo hufuata baiti moja ya kianzio, 0xD5, inayotangaza kwamba fremu yenyewe inaanza sasa. Baiti hizi 8 hazihesabiwi katika urefu wa fremu wala katika hesabu ya ukaguzi.

Fremu yenyewe ina sehemu tano. Ya kwanza ni anwani ya mpokeaji, baiti 6. Ya pili ni anwani ya mtumaji, baiti 6. Ya tatu ni aina au urefu, baiti 2: thamani isiyozidi 1,500 husomwa kuwa urefu wa data, na thamani ya 1,536 au zaidi husomwa kuwa aina ya itifaki iliyobebwa. Aina ya IPv4 ni 0x0800. Ya nne ni data, baiti zisizopungua 46 wala kuzidi 1,500. Ya tano ni baiti 4 za ukaguzi. Kwa hiyo fremu ya kawaida haipungui baiti 64 wala haizidi baiti 1,518.

Mipaka hii miwili inafaa kutazamwa kwa makini. Mfanyabiashara wa Kariakoo anaijua lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo chake na kushonewa kilemba juu. Anajua pia kwamba Wakala wa Vipimo huipiga marufuku. Fremu iliyozidi kipimo ni lumbesa ya mtandao, na swichi isiyoandaliwa kuipokea huitupa. Lakini Ethaneti inakataa pia gunia lisilojaa. Kima cha chini cha baiti 64 kilitokana na Ethaneti ya awali, ambamo vituo vyote vilitumia waya mmoja na kila mtumaji alipaswa kuendelea kutuma kwa muda wa kutosha ili agundue kama fremu yake imegongana na ya mwingine. Mitandao ya leo yenye swichi na njia mbili haina migongano hiyo, lakini kima cha chini kimebaki kuwa sheria.

Kuhusu anwani, biti mbili za chini kabisa za baiti ya kwanza zina maana maalumu. Biti ya chini ikiwa 1, anwani ni ya kundi, si ya kifaa kimoja. Biti ya pili ikiwa 1, anwani imepangwa na msimamizi wa mtandao husika, haikutolewa na mtengenezaji aliyesajiliwa. Mbunifu anayejaribu saketi yake maabara anaweza kutumia anwani kama 02-00-00-00-00-17, ambayo ni ya kifaa kimoja na ya matumizi ya ndani. Akiandika 01 badala ya 02 mwanzoni mwa anwani ya mtumaji, anakuwa ameweka anwani ya kundi mahali pasiporuhusiwa kuwa na kundi, na vifaa vingi vitaikataa fremu hiyo.

4.0 Mpangilio wa Baiti na Biti

Hapa ndipo makosa mengi ya uundaji wa fremu hutokea, kwa sababu Ethaneti na itifaki zinazobebwa nayo zina kanuni mbili zinazoelekea pande mbili tofauti. Namba yenye baiti zaidi ya moja, kama vile aina ya fremu au urefu wa pakiti ya IPv4, hutumwa kwa kuanza na baiti kubwa. Lakini ndani ya kila baiti, biti hutumwa kwa kuanza na iliyo ndogo. Aina 0x0800 hutumwa kama baiti 0x08 kwanza, kisha 0x00. Ila baiti 0x08 yenyewe huanza kutoka kwa biti yake ya chini.

Madhara ya kuchanganya kanuni hizi yanaonekana wazi katika mfano wetu. Joto la nyuzi 31.75, ambalo ni la kawaida mchana wa Dar es Salaam, huandikwa 3,175, yaani 0x0C67. Chipu ikituma baiti hizo kinyume, kompyuta itasoma 0x670C, yaani 26,380, na kuonyesha nyuzi 263.80. Kengele italia bila moto. Kosa hilo ni la usumbufu, lakini angalau linajitangaza. Kosa la upande wa pili ndilo la hatari. Joto la nyuzi 76.80, ambalo ghalani ni dalili ya moto, huandikwa 7,680, yaani 0x1E00. Likigeuzwa husomeka 0x001E, yaani 30, na kompyuta huonyesha nyuzi 0.30. Ghala linaungua na skrini inaonyesha baridi ya barafu.

Inafaa kusisitizwa kwamba fremu iliyobeba thamani hiyo iliyogeuzwa ni fremu halali kabisa. Ukaguzi wake ni sahihi, urefu wake ni sahihi, na swichi itaipitisha bila pingamizi. Ethaneti hulinda baiti zisibadilike njiani; haina njia ya kujua kama ziliwekwa vibaya kabla ya safari. Kwa sababu hiyo, mpangilio wa kila sehemu ya ujumbe hauna budi kuandikwa katika waraka wa usanifu, na waraka huo uwe mmoja kwa anayebuni saketi na kwa anayeandika programu ya kompyuta.

5.0 Kutoka kwenye Foleni hadi kwenye Waya

Ndani ya chipu, data husafiri kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa makubaliano rahisi. Anayetoa huinua ishara ya kusema kwamba baiti iliyopo ni halali. Anayepokea huinua ishara ya kusema kwamba yuko tayari. Baiti huhesabiwa kuwa imepita pale tu ishara zote mbili zinapokuwa juu katika pigo moja la saa. Ishara ya tatu huambatana na baiti ya mwisho ili kuonyesha mwisho wa fremu. Kiolesura cha AXI4-Stream, kinachotumika sana katika chipu hizi, kimejengwa juu ya kanuni hiyo.

Makubaliano haya huruhusu kusubiri: mpokeaji akiwa hayuko tayari, mtoaji hungoja. Waya wa Ethaneti hauna subira hiyo. Fremu ikishaanza kutoka, kila baiti inayofuata haina budi kuwapo kwa wakati wake, pasipo hata pigo moja la kuchelewa. Kukosekana kwa baiti moja katikati huifanya fremu nzima kuwa mbovu. Kwa hiyo kati ya sehemu inayosubiri na sehemu isiyosubiri huwekwa foleni, na kanuni salama ni kutoanza kutuma hadi fremu yote iwe imekwisha kuingia katika foleni. Gharama yake ni ndogo. Fremu yetu ni ya baiti 64 tu, na hata fremu kubwa ya baiti 1,518 hutosha katika kumbukumbu ya baiti 2,048.

Foleni hiyo hufanya kazi ya pili pia. Sehemu ya vihisi inaweza kuendeshwa kwa saa ya megahezi 100 ilhali sehemu ya waya inaendeshwa kwa saa ya megahezi 50 inayotoka kwenye chanzo kingine. Saa mbili zisizohusiana hazikutani mahali pamoja kila wakati, na rejista inayosoma ishara wakati ileile ishara inapobadilika inaweza kubaki kwa muda katika hali isiyo 0 wala 1. Tiba iliyozoeleka ni kupitisha ishara katika rejista mbili mfululizo za saa inayopokea, na kuandika vihesabio vya foleni kwa msimbo wa Gray, ambamo biti moja tu hubadilika kutoka namba moja hadi inayofuata. Hata kama msomaji atasoma katikati ya mabadiliko, atapata ama namba ya zamani ama mpya, hatapata namba ya tatu isiyokuwapo.

Anayeongoza utumaji wote ni mashine ya hatua. Hatua zake katika mfano wetu ni saba: kusubiri, baiti za utangulizi na kianzio, vichwa, ujumbe, ujazaji, ukaguzi, na pengo. Kila hatua ina kihesabio chake, na hakuna hatua inayoweza kurukwa isipokuwa ujazaji, pale ambapo data inatosha.

6.0 Violesura kati ya Chipu na Waya

Chipu inayopangika kwa kawaida haigusi waya moja kwa moja. Kati yake na soketi ya kebo kuna chipu nyingine, ijulikanayo kama PHY, ambayo hugeuza biti kuwa mawimbi ya umeme. Njia kati ya hizo mbili zipo kadhaa. Kiolesura cha MII hubeba biti 4 kwa kila pigo la saa ya megahezi 25, na hivyo kufikia megabiti 100 kwa sekunde. RMII hubeba biti 2 kwa saa ya megahezi 50, ikifikia kasi ileile kwa nyaya chache zaidi. GMII hubeba biti 8 kwa saa ya megahezi 125, yaani gigabiti 1 kwa sekunde. RGMII hufikia gigabiti hiyohiyo kwa nyaya 4 za data, kwa kutumia ukingo wa kupanda na ukingo wa kushuka wa kila pigo; nusu ya chini ya baiti hutoka ukingo wa kupanda, na nusu ya juu ukingo wa kushuka.

Kwa mfumo wa vihisi, RMII inatosha. Katika kiolesura hicho kila baiti huchukua mapigo manne, jozi ya biti za chini ikitangulia. Baiti 0x08, kwa mfano, hutoka kama 00, kisha 10, kisha 00, kisha 00. Utangulizi na kianzio huonekana kama jozi 01 mara 31 mfululizo, kisha jozi 11 mara moja. Anayechunguza nyaya hizi kwa kifaa cha kupimia mawimbi anaweza kuitafuta jozi hiyo ya 11. Kila kinachoifuata ndicho fremu.

RGMII ina sharti la ziada ambalo huwasumbua wengi. Ukingo wa saa unapaswa kufika kwa mpokeaji ukiwa umechelewa kidogo kuliko data, kwa takriban nanosekunde 2, ili data iwe imetulia inaposomwa. Ucheleweshaji huo unaweza kuwekwa ndani ya chipu inayopangika, ndani ya PHY, au katika urefu wa njia za ubao. Ukiwekwa mahali pawili, au usipowekwa popote, data husomwa ikiwa bado inabadilika, na matokeo yake ni fremu zinazofika leo na kupotea kesho kufuatana na joto la chipu.

7.0 Hesabu ya Ukaguzi

Baiti 4 za mwisho wa fremu ni zao la hesabu ya CRC yenye biti 32. Biti zote za fremu, tangu anwani ya mpokeaji hadi mwisho wa data pamoja na baiti za kujazia, huchukuliwa kuwa polinomia moja ndefu, kisha hugawanywa kwa polinomia maalumu iliyowekwa na kiwango, 0x04C11DB7. Kinachobaki ndicho msingi wa thamani ya ukaguzi. Mgawanyo huu hautumii kukopa wala kubeba, kwa hiyo katika saketi hugeuka kuwa milango ya XOR na rejista moja ya biti 32, kazi nyepesi kwa chipu yoyote inayopangika.

Mambo manne hayana budi kuzingatiwa kwa pamoja. Kwanza, rejista huanza ikiwa na 1 katika biti zote. Pili, biti za kila baiti huingia kwa kuanza na ya chini, hivyo saketi nyingi hutumia polinomia iliyogeuzwa, 0xEDB88320. Tatu, matokeo hupinduliwa mwishoni, kila 0 ikiwa 1 na kila 1 ikiwa 0. Nne, katika saketi iliyogeuzwa hivyo, baiti ya chini ya rejista hutumwa kwanza, kinyume na kanuni ya namba nyingine zote zilizomo katika vichwa. Anayekosea moja kati ya haya manne hupata thamani inayoonekana kuwa ya kawaida lakini isiyokubaliwa na mpokeaji yeyote.

Kuna kipimo rahisi cha kuhakiki saketi kabla ya kuiunganisha na waya. Herufi tisa za tarakimu 1 hadi 9, zikiingizwa kwa mfuatano wake, hazina budi kutoa 0xCBF43926. Kwa upande wa mpokeaji, fremu yote pamoja na baiti zake za ukaguzi ikipitishwa katika rejista ileile bila kupinduliwa mwishoni, daima hubakiza 0xDEBB20E3, fremu iwe na maudhui gani. Saketi ya kupokea haihitaji kujua mwisho wa data uko wapi. Inalinganisha namba moja tu.

Uwezo wa ukaguzi huu ni mkubwa. Kwa fremu zisizozidi baiti 1,518, hugundua kosa lolote la biti zisizozidi 3, na mfululizo wowote wa makosa usiozidi biti 32. Uwezekano wa fremu iliyovurugwa ovyo kupita bila kugunduliwa ni takriban mara moja katika bilioni 4.3.

8.0 Ujazaji, Pengo na Uwezo wa Njia

Ujumbe wetu wa baiti 12, ukiongezewa baiti 8 za kichwa cha UDP na baiti 20 za kichwa cha IPv4, unafikia baiti 40. Zinapungua 6 kufikia 46. Hizo 6 hujazwa na mashine ya hatua kabla ya hesabu ya ukaguzi kufungwa. Urefu ulioandikwa katika kichwa cha IPv4 unabaki 40, na ule wa UDP unabaki 20. Kwa kuusoma urefu huo, kompyuta hutenganisha ujumbe na kijazio.

Baiti za kujazia ziwe sifuri. Mwaka 2003 ilibainishwa hadharani kwamba programu nyingi za kuendesha kadi za mtandao zilikuwa zikijazia fremu fupi kwa mabaki yaliyokuwamo katika kumbukumbu, na hivyo kuvujisha vipande vya data za watu wengine. Katika chipu inayopangika kosa hilo ni rahisi kutokea, kwa kuwa foleni isiyofutwa hubaki na fremu iliyotangulia.

Baada ya fremu kumalizika, mtumaji hukaa kimya kwa muda wa baiti 12 kabla ya kuanza nyingine. Kwa hiyo fremu ya baiti 64 hutumia nafasi ya baiti 84 katika waya: 8 za utangulizi na kianzio, 64 za fremu, na 12 za pengo. Hizo ni biti 672, yaani mikrosekunde 6.72 kwa megabiti 100 kwa sekunde. Vihisi 200 vinavyotuma mara moja kwa sekunde hutumia biti 134,400 kwa sekunde, yaani takriban asilimia 0.13 ya uwezo wa njia. Hesabu hii inathibitisha hoja iliyotajwa mwanzoni: hakuna uhaba wa nafasi. Mtafiti anayetumia nguvu zake zote kuongeza kasi katika mfumo wa namna hii anatibu ugonjwa usiokuwapo.

9.0 Upimaji

Upimaji wa saketi ya fremu unafaa kufuata ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni uigaji: fremu nzima hutolewa katika kompyuta kabla ya kuingizwa kwenye chipu, na kulinganishwa baiti kwa baiti na fremu iliyotengenezwa na programu nyingine iliyoandikwa na mtu mwingine. Programu ikiandikwa na mbunifu yuleyule, kosa la uelewa hujirudia pande zote mbili na kuonekana kuwa sahihi.

Ngazi ya pili ni kuunganisha chipu na kompyuta moja na kunasa fremu kwa programu kama Wireshark. Hapa tahadhari inahitajika. Kadi ya mtandao kwa kawaida huzitupa fremu fupi na zenye ukaguzi mbovu kabla programu haijaziona, na mara nyingi haionyeshi baiti za ukaguzi hata za fremu nzuri. Skrini tupu haimaanishi kwamba chipu haitumi. Vihesabio vya makosa vya kadi au vya swichi ndivyo vinavyotoa ushahidi: kikipanda kihesabio cha makosa ya ukaguzi, fremu zinafika zikiwa mbovu, visipopanda vyote, basi tatizo liko kabla ya waya.

Ngazi ya tatu ni kutia kosa kwa makusudi: kupindua biti moja ya data, kufupisha fremu, kubadili mpangilio wa baiti, na kukata kebo. Mfumo unaopaswa kutoa onyo la moto hauwezi kuhesabiwa kuwa umepimwa ikiwa umepimwa katika hali ya uzima pekee. Vilevile kebo ipimwe kwa urefu wake halisi. Kikomo cha kebo ya shaba ni mita 100 kati ya kifaa na swichi, na katika jengo lenye ghorofa nyingi kebo inayopanda na kuzunguka huufikia urefu huo upesi.

10.0 Mipaka ya Fremu Iliyo Sahihi

Swichi ikipokea fremu yenye ukaguzi mbovu, huitupa. Haimwambii mtumaji, haimwambii aliyekusudiwa, na haiombi irudiwe. UDP nayo haina majibu ya kuthibitisha mapokezi. Kwa hiyo chipu inaweza kuendelea kutuma usiku kucha, taa yake ya mtandao ikimeta, ilhali hakuna hata ujumbe mmoja unaofika.

Dawa yake haimo ndani ya fremu. Imo katika maana ya ujumbe. Ndiyo sababu ujumbe wetu una namba ya mfuatano, na ndiyo sababu kila kihisi hutuma kila sekunde hata kama joto halijabadilika. Kompyuta ya walinzi isipoona namba inayofuata hujua kwamba ujumbe umepotea. Isiposikia kihisi kwa sekunde kadhaa hupiga kengele yenyewe, kwa sauti tofauti na ile ya moto. Mfumo unaotuma pale tu joto linapopanda unaokoa nafasi ambayo, kama ilivyoonyeshwa, haina uhaba, na kwa kufanya hivyo unaufanya ukimya wa kebo iliyokatika ufanane kabisa na ukimya wa usalama.

11.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza safari ya data kutoka kwenye kihisi hadi kwenye waya, na yameonyesha kwamba kila hatua ina sharti ambalo likikiukwa huleta ama fremu isiyofika ama fremu inayofika na kusema uongo. Makosa ya aina ya kwanza hugunduliwa kwa hesabu ya ukaguzi na vihesabio. Makosa ya aina ya pili, kama ule mgeuko wa baiti unaofanya nyuzi 76.80 zisomeke 0.30, hayagunduliwi na kifaa chochote cha mtandao. Hugunduliwa na waraka wa usanifu ulio wazi na upimaji wa mtu wa pili.

Vizuizi vya Ethaneti vilivyotengenezwa tayari vinapatikana kwa chipu nyingi zinazopangika, na hakuna ubaya kuvitumia. Hata hivyo, mwanafunzi anayevitumia bila kujua kilichomo ndani hana pa kuanzia siku mfumo unaponyamaza. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kazi za utafiti zinazowasilisha mifumo ya namna hii zieleze waziwazi mambo matatu: mpangilio wa kila baiti ya ujumbe, thamani zilizotumika kuhakiki hesabu ya ukaguzi, na kile ambacho mfumo hufanya pindi ujumbe usipofika. Mtahini akiyapata matatu hayo ataweza kuikagua kazi bila kuigusa chipu yenyewe; akiyakosa, hata chipu ikiwekwa mezani mbele yake ikimeta taa, hatakuwa na njia ya kujua kama ujumbe wake ungemfikia mlinzi.